Wachezaji Wasio na Nyumba

Kariakoo ina nyumba mbili ambazo kila mtoto wa Dar es Salaam azijua: moja katika mtaa wa Msimbazi, nyingine penye mitaa ya Twiga na Jangwani. Ya kwanza ni ya Simba, ya pili ni ya Yanga. Yanga iliasisiwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata baadhi ya wanachama wake walijitenga kwa ugomvi, wakaunda timu yao, ambayo baada ya kubadili majina mara kadhaa iliitwa Simba mwaka 1971. Linalostahili kutazamwa hapa si ugomvi, maana ugomvi haukosi palipo na watu. Ni kwamba waliotoka hawakupotea. Walikuwa na daftari lao la wanachama, viongozi wao na desturi zao. Na juu ya hayo waliendelea kukutana na wenzao katika uwanja mmoja, kwa sababu sheria za mpira si mali ya Yanga wala ya Simba.

Hatua chache kutoka nyumba hizo mpira huchezwa kwa namna nyingine. Katika vibanda vya gemu vilivyobanwa baina ya maduka, vijana hukaa juu ya mabenchi mbele ya runinga, pedi mikononi, nao hulipa kwa kila mechi. Wengine hawahitaji hata kibanda: eFootball, iliyochukua nafasi ya Pro Evolution Soccer mwaka 2021, huchezwa hata katika simu. Jioni, vibanda vikiisha kufungwa, mazungumzo huendelea katika makundi ya WhatsApp, katika kurasa za Facebook na Instagram, na kwa wenye intaneti ya kutosha, katika Discord. Humo ndimo mashindano hupangwa na matokeo huandikwa. Humo mwizi wa pointi hushitakiwa, na mgeni hufundishwa asiuziwe pedi mbovu. Humo pia Kiswahili hupewa maneno ambayo kamusi hazijayasikia.

Jumuiya hii ina kila kitu cha klabu isipokuwa nyumba. Makao yake yote ni ya kupanga. Mkataba upo, lakini umeandikwa na upande mmoja, kwa lugha ya upande huo, nao waweza kubadilishwa usiku mpangaji amelala. Mwenye nyumba hakai Kariakoo wala hajui iliko. Kijana aliyemfunga rafiki yake mabao sita akiandika kwa furaha, "Leo nimekuchinja," nani atakayeyapima maneno hayo? Mashine iliyofundishwa lugha nyingine? Ikiamua kwamba ni tishio, kijana hufungiwa mlango, na rufaa yake haisikilizwi na mtu aliyewahi kukaa juu ya benchi lile.

Wapo wasemao kwamba hofu hii ni ya bure, kwa kuwa makampuni hayo ni makubwa na hayawezi kuanguka. Na waulizwe waliokuwa wakikutana katika Google+, iliyofungwa Aprili 2019. Na waulizwe wenye makundi ya Yahoo, ambayo kumbukumbu zake zilifutwa kwanza, kisha makundi yenyewe yakafungwa Desemba 2020. Mfano ulio karibu zaidi na wacheza gemu ni wa Reddit. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilitangaza kuwatoza fedha nyingi waundaji wa programu zilizotegemea data zake. Mwezi Juni maelfu ya mabaraza, yakiwamo ya gemu, yalifunga milango kwa kupinga. Ndipo walinzi wa mabaraza, waliokuwa wakifanya kazi hiyo pasipo mshahara, walipoambiwa kwamba wasipofungua watawekwa wengine mahali pao. Wengi walifungua. Walijifunza siku ile kwamba walikuwa wafagizi, si wenyeji.

Baadhi hawakurudi. Walihamia mahali paitwapo Lemmy, na hapo ndipo penye hoja yenyewe. Lemmy, na Mastodon iliyoanzishwa na Eugen Rochko huko Ujerumani mwaka 2016, si mitandao ya mmiliki mmoja. Ni programu huria. Awezaye kukodi seva huweza kuziweka humo na kufungua nyumba yake, yenye kanuni zake na walinzi wake. Nyumba hizo huzungumza zenyewe kwa zenyewe kwa itifaki iitwayo ActivityPub, iliyopitishwa na shirika la W3C Januari 2018. Mwanachama wa nyumba moja husoma na kujibu yaliyoandikwa katika nyingine, kama mwenye sanduku la posta Dar es Salaam aandikavyo kwa mwenye sanduku Mombasa, wala posta mbili hizo si za serikali moja. Kwa mtu wa Kariakoo jambo hili halina ugeni wowote. Ni Simba na Yanga: nyumba mbalimbali, sheria za mchezo zilezile, uwanja mmoja.

Pingamizi la kwanza husemwa kwa neno moja: watu. Watu wote wako WhatsApp. Nani atawafuata wachache katika nyumba tupu? Neno hili lina nguvu, lakini chanzo chake huelezwa kwa uvivu. Watu hawakukusanyika huko kama nzi juu ya embe. Waliitwa, tena kwa bei. Oktoba 2014 Facebook, pamoja na kampuni ya simu ya Tigo, ilileta nchini mlango wa bure wa kuingilia kurasa chache zilizochaguliwa, na Facebook yenyewe ikiwa miongoni mwake. Baadaye makampuni ya simu yaliuza bando za mitandao ya kijamii kwa bei nafuu kuliko intaneti ya kawaida. Aliye na shilingi mia chache mfukoni huenda alikopelekwa na bando. Basi asisemwe kwamba amechagua. Na anayewataka vijana wahame sharti akiri kwamba, penye bando za namna hiyo, nyumba mpya ina kiingilio ambacho nyumba ya zamani haina. Kwa hiyo haifai kuanza na video nzito. Ianze na maandishi: ratiba, matokeo, msimamo wa ligi, hukumu za kesi. Porojo na zibaki WhatsApp kwa muda. Daftari ndilo lihame kwanza.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza. Ati kuna faida gani kujenga nyumba ndogo, na serikali yaweza kufunga kubwa na ndogo? JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006, ilikuwa ya wenyeji kabisa. Hata hivyo ilisimamisha huduma zake Juni 2018, kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilipodai leseni yenye ada ya zaidi ya shilingi milioni mbili. Septemba 2025 leseni yake ilisimamishwa kwa siku 90. Mtandao wa X ulizuiwa nchini Mei mwaka huohuo, na tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi, intaneti yenyewe ilikatwa kwa siku kadhaa.

Yote hayo ni kweli, na asiyetaka kuyataja asishike kalamu juu ya jambo hili. Mtandao wa shirikisho si hirizi. Waya ukikatwa, wote hunyamaza. Nyumba iliyosimama Tanzania iko chini ya sheria za Tanzania, na anayewaambia vijana kwamba kuhama ni njia ya kuikimbia sheria anawadanganya. Lakini pana tofauti baina ya kunyamazishwa kwa siku kadhaa na kutawanyika daima. X ilipozuiwa, aliyekuwa na anwani moja tu ya kuwapata wenzake aliwapoteza pamoja na anwani hiyo. Jumuiya yenye nakala ya kumbukumbu zake na orodha ya watu wake huanza tena pale ilipoachia, hata kama ni kwa seva nyingine na kwa mlango mwingine. Moto ulipounguza soko kuu la Kariakoo tarehe 10 Julai 2021, aliyekuwa ameweka bidhaa na daftari chini ya paa moja alilia mara mbili.

Wala nyumba ndogo zisisifiwe kupita kiasi. Nazo huanguka. Mwaka 2023 nyumba moja ya Lemmy, fmhy.ml, ilipoteza jina lake wakati Mali ilipochukua usimamizi wa majina yaishiayo kwa herufi zake. Wenyewe walikuwa wamejenga juu ya kiwanja cha bure bila kuuliza ni cha nani. Mastodon humruhusu anayehama achukue wafuasi wake, lakini maandiko yake ya zamani hubaki alikotoka. Mtu lazima ateuliwe kutunza nakala. Mtu lazima aamke usiku kuondoa matusi na matangazo ya kitapeli. Seva hulipiwa kila mwezi, ikiwa na wageni au haina.

Hapa ndipo wengi hukunja mkeka na kwenda zao, na hapa ndipo wanapokosea zaidi. Watu wanaochangishana fedha za harusi kwa simu, wenye kamati, mweka hazina na daftari la ahadi, wataambiwaje kwamba hawawezi kugawana kodi ya seva moja? Uwezo upo. Kilichokosekana ni kuiona gemu kuwa jambo la kuchangiwa. Na lawama ya hili haiwaangukii vijana peke yao. Inawaangukia pia wasomi, ambao huziita gemu utoto, kama wazee wao walivyoiita beni upuuzi wa mitaani. Terence Ranger alipotoa kitabu chake juu ya beni mwaka 1975, ilimlazimu kutafuta habari za Marini na Arinoti hata katika majalada ya wakoloni, yaani katika maandishi ya watu waliowashuku wachezaji. Wacheza gemu wa leo huandika kila siku, kwa maneno yao wenyewe, tena kwa Kiswahili. Maandishi hayo yamo katika hazina za makampuni ambamo mtafiti wa Mlimani hawezi kuingia, na yanaweza kufutwa kabla hajazaliwa.

Idara za kompyuta zina wanafunzi wanaotafuta kazi ya mwisho ya shahada. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ina watu wawezao kuandika kanuni za nyumba kwa lugha ambayo mchezaji ataisoma hata mwisho. Kutoka Mlimani hadi Kariakoo ni nauli ya daladala. Na mpaka hivi leo msimamo wa mashindano mengi ya vibandani umo katika simu ya kijana mmoja; ikichomolewa mfukoni pake pale Msimbazi saa kumi na mbili jioni, ligi nzima imekwenda nayo.