Chombo Nacho Kipimwe

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika maabara, ufa ni chombo cha kupimia ambacho chenyewe hakijapimwa.

Chukueni gesi ya naitriki oksaidi. Sisi wa kidato cha tatu twaijua: haina rangi, lakini ikikutana na hewa huungana na oksijeni na kugeuka hudhurungi. Hata mwilini imo, ikilegeza mishipa ya damu. Wamarekani watatu walituzwa Nobel mwaka wa 1998 kwa ugunduzi huo.

Mtaalamu anayeipima hukijaribu kwanza kihisi chake kwa viwango anavyovijua, katika maji yaliyoondolewa oksijeni. Kihisi cha oksijeni nacho hukijaribu pasipo oksijeni, kisha katika hewa, yenye asilimia 20.9. Akiacha kuipima oksijeni, gesi yake italiwa naye adhani seli zimeacha kuitengeneza!

Je, sisi? Twanyakua themomita na kuanza. Jibu likikosana na kitabu, twapika matokeo tupate alama. Jamani, hiyo si sayansi! Hapo Nairobi tu, kwa ajili ya mwinuko, maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi, si 100.

Maoni yangu ni haya: walimu watupe dakika kumi tuvijaribu vyombo kabla ya kila jaribio, themomita tuitie katika barafu inayoyeyuka tuone kama yasoma 0. Tena wasitunyime alama kwa jibu la kweli. Wenzangu, anayepika matokeo leo ndiye kesho atakayempimia mgonjwa dawa.