Wanapoizima taa ya injini na kuuacha ugonjwa

KWA mkazi wa Dar es Salaam au Nairobi anayemiliki gari lililokwisha kutumika Japani, taa ya manjano yenye umbo la injini ni mgeni asiyekaribishwa na asiyekosekana. Zamani fundi alitegemea sikio na uzoefu. Sasa huchomeka mashine ya kupimia chini ya usukani, husoma msimbo ambao kwa kawaida huwa na herufi moja na tarakimu nne, kisha humtajia mteja kifaa cha kununua. Ni katika hatua hiyo ya mwisho ndipo fedha za wengi zinapopotea.

Ikumbukwe kuwa tundu hilo halikuwekwa kwa ajili ya kumrahisishia fundi kazi. Marekani ililazimisha magari ya toleo la 1996 na kuendelea kuwa nalo, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001, shabaha ikiwa kudhibiti moshi. Kompyuta ya gari hulinganisha vipimo vya sensa na viwango ilivyopewa. Kipimo kikivuka mpaka, huandika malalamiko. Mara nyingi haijui ni kifaa gani hasa kilichoharibika.

Tuchukue msimbo P0171. Maana yake ni kwamba hewa imezidi petroli katika upande wa kwanza wa injini. Chanzo chaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyojaa vumbi, chujio la petroli lililoziba au pampu iliyochoka. Lakini kwa kuwa taarifa hiyo hupitia sensa ya oksijeni, ndiyo inayobebeshwa lawama. Mteja hutumwa Gerezani au Kirinyaga Road, sensa mpya hufungwa, msimbo hufutwa, taa huzimika. Baada ya siku chache inawaka tena, na mpira uliopasuka, ambao bei yake ni sehemu ndogo tu ya fedha hizo, ungali palepale.

Ufutaji huo umekuwa pia chambo cha wauzaji wasio waaminifu: misimbo hufutwa asubuhi, mnunuzi huja mchana. Hata hivyo, ufutaji huacha alama. Kompyuta huanza upya majaribio yake ya ndani, na huhitaji safari kadhaa kuyakamilisha. Mnunuzi mwenye kisomaji chake akikuta majaribio mengi hayajakamilika, ilhali muuzaji anaapa kuwa gari linatembea kila siku, basi ana haki ya kuuliza, ingawa betri iliyochomolewa nayo huleta matokeo hayo hayo. Huko California, gari lenye majaribio mengi yasiyokamilika halipiti ukaguzi wa moshi.

Kuna mtego mwingine. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayakubanwa na sheria ya Marekani. Baadhi ya yale ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yana tundu lenye umbo lile lile, lakini kompyuta yake haielewani na kisomaji cha bei nafuu. Fundi asiyelijua hilo hutangaza kuwa kontroboksi imekufa, na mwenye gari huambiwa atafute nyingine.

Pamoja na hayo, si haki kumtwisha fundi mzigo wote. Katika jimbo la Massachusetts, ilibidi sheria ipitishwe mwaka 2012 ili gereji huru zipate taarifa zile zile ambazo watengenezaji huwapa mawakala wao. Fundi wa mtaani hapa kwetu hufanya kazi bila vitabu hivyo. Isitoshe, mteja yule yule anayelipia spea bila kunung'unika hukataa kulipia saa moja ya kupima, akiona kuwa fundi hakufanya lolote. Fundi naye ana watoto wa kulisha. Huuza kile ambacho mteja yuko tayari kukinunua.

Kwa sasa mwenye gari anaweza kuomba mambo mawili kabla ya kutoa fedha: aandikiwe msimbo wenyewe kwenye karatasi, na aelezwe ni kipimo gani kilichothibitisha kuwa kifaa kinachotajwa ndicho kibovu.