Maji ya Mbwa Yabadilishwe Kila Siku
Pita mitaa ya Dar es Salaam mchana wa Februari, hukosi kumwona mbwa wa ulinzi amefungwa mnyororo, ulimi nje, na mbele yake sufuria kuukuu yenye maji ya kijani, viluwiluwi vya mbu vikicheza ndani. Huo ni ukatili, hata kama hakuna aliyeukusudia. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, na kila anapohema maji yanampungua. Mwenye kilo 20 huhitaji takribani lita 1 kwa siku, na joto likizidi, zaidi ya hapo. Maji yaliyolala pia hutuzalishia sisi wenyewe mbu wa homa ya dengi. Tafadhali, sugua chombo, jaza maji safi asubuhi na jioni, ukiweke kivulini, mahali mnyororo unapofika.