Kutoboa eksozi hakupozi injini

Kuhusu kutoboa eksozi ya pikipiki ili injini "ipumue", naomba nitofautiane na wanaoshauri hivyo. Ukitoa vizuizi vya ndani moshi unatoka kwa wepesi, kweli, lakini kabureta ya pikipiki kama Boxer imepangwa kwa bomba la kiwandani. Hewa inazidi, petroli inabaki ile ile, na injini iliyopungukiwa petroli ndiyo inayochemka. Gramu moja ya petroli inataka hewa gramu 14.7 hivi, ukivuka hapo bila kubadilisha jeti, vali ya kutolea moshi ndiyo itakayolipa. Fungua plagi uangalie ncha yake: ikiwa ya kahawia, endelea na kazi, ikiwa nyeupe, rudi kwa fundi upesi. Makelele nayo yanadanganya. Vijana wanasikia mngurumo wanadhani wameongeza nguvu, halafu kwenye mlima, abiria nyuma na gunia la mkaa, chombo kinagoma.

Joto linalomuunguza abiria mguu ni jambo jingine kabisa. Dawa yake ni kava ya bati iliyoachiwa nafasi kidogo, hewa ipite kati yake na bomba. Kitambaa cha kuzuia joto kinasaidia, sawa, ila kikilowa mvua kinashika maji na bomba linaoza huku wewe huoni kitu. Na kabla ya yote hayo badilisha gasketi pale bomba linapoungana na injini. Ikivuja, utasikia milipuko kila ukiachia mafuta, na mafundi wengi hukimbilia kulaumu kabureta.