MAMBO YA NYUMBANI: Amplifaya ya Santuri kwa Fedha Kidogo



Katika nyumba kadha za mkoa wetu wa Morogoro zimo bado santuri za wazee: za Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki mwaka 1965, za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, na pengine za kwaya. Watoto wakizikuta sandukuni hutaka kuzisikia, na jambo hilo ni jema. Basi baba huenda mjini kutafuta amplifaya, yaani mashine ya kukuza sauti, akachagua ile yenye namba kubwa kuliko zote. Arudipo, santuri hazisikiki vema, na fedha imekwisha. Yafaa tujue mambo machache kabla ya kufungua mfuko.

Kwanza, tazama nyuma ya mashine kama pana tundu lililoandikwa PHONO. Gramafoni yenye kichwa cha sumaku, ambayo ndiyo ya kawaida, hutoa umeme mdogo mno, kama milivolti 5 hivi. Mashine ya sidii hutoa volti 2, yaani mara 400 zaidi. Tena, santuri hukatwa kwa kupunguza sauti nene na kuongeza sauti nyembamba, nayo mashine hurudisha kila sauti mahali pake. Makampuni ya Marekani yalikubaliana juu ya kipimo cha kazi hiyo mwaka 1954, kikaenea duniani. Kazi hizo mbili hufanywa na tundu la PHONO. Ukichomeka gramafoni ya namna hiyo katika tundu la AUX, utasikia sauti ya mbali, kali, isiyo na besi. Lakini gramafoni nyingine mpya zina kifaa hicho ndani yake, pamoja na swichi ya PHONO na LINE. Ukiwa na hiyo, iweke swichi kwenye LINE, na amplifaya yo yote yenye AUX itakutosha. Usitumie vyote viwili pamoja, maana sauti itapasuka.

Pili, usidanganywe na wati. Namba za maelfu zilizoandikwa PMPO hazina maana. Tafuta zilizoandikwa RMS. Kwa sebule ya kawaida, wati 20 au 30 kwa kila spika zinatosha kabisa. Kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, na sikio halioni tofauti kubwa. Linganisha pia omu: ikiwa amplifaya yasema isipewe spika za chini ya omu 8, usiifungie za omu 4, usije ukaiunguza.

Tatu, umeme. Sisi wa Ruaha na Kidodi tu jirani wa kituo cha Kidatu, kilichoanza kuzalisha umeme mwaka 1975, lakini ujirani huo hauzuii volti kushuka jioni, wala kurudi kwa kishindo baada ya kukatika. Stabilaiza ni ya lazima. Na kama wanunua mashine iliyokwisha kutumika, soma kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Wa Japani ni volti 100, wa Marekani 120. Mashine ya huko ikichomekwa ukutani kwetu bila transfoma huungua.

Mashine iliyotumika si aibu. Amplifaya nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina PHONO nzuri. Ila ijaribu dukani, na uende na gramafoni yako na santuri moja. Funga waya wa ardhi wa gramafoni kwenye skrubu ya GND. Ongeza sauti kabla ya kuweka sindano: ukisikia muungurumo mkubwa hata baada ya kukaza waya huo, iache. Zungusha vitufe polepole. Mkwaruzo mdogo ni vumbi, na fundi hulisafisha. Hakikisha spika zote mbili zinasema.

Nne, na hili ndilo kubwa: kabla ya amplifaya, nunua sindano mpya. Amplifaya mbovu huudhi masikio tu, lakini sindano iliyolika hukwangua santuri, na kila ipigwapo hupoteza kitu kisichorudi. Amplifaya utapata nyingine. Santuri aliyoinunua babu kwa mshahara wa miwa huenda usiipate tena po pote.

Mwisho, bwana na bibi washauriane kwanza. Wekeni fedha kidogo kidogo, mwanzo ya sindano, kisha ya mashine. Kama muhula wa shule umekaribia, ada itangulie. Santuri zilizongoja miaka 50 zaweza kungoja hadi mavuno.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuosha santuri zenye vumbi.