Breki Kabla ya Rangi

Mwambie Mkenya yeyote kwamba kwenu kuna Peugeot 504 iliyokaa kibandani tangu 2003, kisha usikilize. Mmoja atakuuliza ni kilo ngapi, maana akilini mwake ameshaiweka kwenye mizani ya skrapu. Mwingine atakuuliza utaipaka rangi gani. Hakuna atakayekuuliza kama inasimama. Simaanishi kusimama kwa kukaa, hiyo imefanya zaidi ya miaka ishirini bila kuchoka. Namaanisha kusimama ukiteremka na watu ndani, mbele yako kuna lori la kabeji, na umekanyaga breki.

Ugomvi wangu uko hapo, na nina ugomvi na pande zote mbili.

Mimi si fundi. Nina miaka 27, naishi Rongai, na hadi mwaka jana kitu pekee nilichokuwa nimefungua kwa spana ni mtungi wa gesi. Gari lilikuwa la guka: saluni ya 1978, namba za kabla ya msururu wa KAA, kibanda kiko Nyahururu nyuma ya zizi. Alilisimamisha macho yalipoanza kumsumbua, na mpaka anaaga dunia alikuwa bado anasema ataliwasha Krismasi. Baba zangu wadogo walikuwa wameshapatana bei na mtu wa skrapu. Niliposema nitalifufua mimi, mmoja akacheka: “Mami, hii si TikTok.”

Sawa. Lakini hebu tuulizane ni nini hasa kilichokuwa kinauzwa kwa kilo.

504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikachaguliwa gari bora la mwaka barani Ulaya. Tuzo za Ulaya hazinisumbui sana. Kilichoifanya iwe yetu ni barabara zetu. Ove Andersson alishinda Safari Rally nayo 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda tena 1978 kwa ile ya milango miwili yenye injini ya V6. Kisha ikashuka jukwaani ikaenda kazini. Ile ya viti safu tatu ilibeba watu Nairobi hadi Nakuru, hadi Kisumu, kabla ya Nissan za abiria kumi na wanne kuzaliwa. Pikapu ilibeba maziwa, majani chai, majeneza. Ziliunganishwa hapahapa Kenya, na pikapu ikaendelea kuunganishwa muda mrefu baada ya Wafaransa wenyewe kuachana na saluni yao. Kwa hivyo usiniambie ni gari la kizungu. Kama ugali ni wetu na mahindi yalikuja kwa meli, hii gari nayo ni yetu.

Na kuna jambo ambalo mtu wa skrapu hakwambii. Sheria ya Kenya haimruhusu mtu wa kawaida kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maana yake magari ya zamani tuliyo nayo ndiyo hayo tu. Kila moja linalokatwa kwa moto huko Gikomba halirudi kwa meli nyingine. Demio inazaliwa upya kila wiki bandarini Mombasa. 504 haizaliwi.

Lakini nisipoangalia nitaonekana niko upande wa wale wa pili, wale wa rangi, na hao ndio wananikera zaidi kwa sababu wanalipenda gari halafu wanaliua.

Tangu 1970 kuna maonyesho ya Concours d'Elegance, ambayo hufanyika pale uwanja wa farasi wa Ngong. Ni mazuri, nenda ukaone. Sina ubaya na mtu anayesugua tundu la bolti kwa mswaki. Tatizo ni somo tulilobeba kutoka kule bila kuambiwa na mtu: kwamba gari la zamani ni kitu cha kutazamwa, na kwamba mwenyewe lazima awe mzee wa Karen mwenye mtu wa kupangusa vumbi. Vijana wetu wakalichukua somo hilo wakaliongezea muziki. Leo msee akipata Datsun ya babake, simu ya kwanza anampigia mtu wa kupaka rangi. Ya pili, mtu wa rimu. Ya tatu, mtu wa kumwekea injini ya Toyota “ndio iwe na nguvu.” Picha zinaenda mtandaoni, moto moto moto, na chini ya hiyo rangi kuna paipu za breki zilizowekwa wakati Moi ni rais.

Mimi niliulizwa 140,000 za rangi. Breki zote, na paipu zake za mpira, silinda kuu na pedi, zilinigharimu 38,000 nikinunua kidogo kidogo. Si nani asiyeweza kupiga hesabu hapo? Lakini rangi inapigwa picha, silinda kuu haipigwi.

Ngoja nieleze, maana watu husema “breki” kama wanasema “salamu.” Oili ya breki hunywa maji. Hata gari likiwa limefungwa kibandani, inavuta unyevu kutoka hewani mwaka baada ya mwaka, na maji hayo yanaanza kula chuma kutoka ndani. Pistoni za kalipa zinashika kutu. Paipu za mpira nazo hufura kwa ndani, ukiziangalia kwa nje ni nzima kabisa. Unakanyaga, breki inashika, unaachilia, haiachii. Au inakubali mara tatu, mara ya nne pedali inazama hadi sakafuni. Kitu kama hicho hakijaribiwi barabarani. Kinafunguliwa, kinasafishwa, kinachooza kinatupwa, hata kama gari linaonekana “liko poa.”

Tairi ndiyo hadithi ninayoipenda. Ubavuni mwa kila tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu. Zikiwa nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka: 2318 ni wiki ya 23 ya 2018. Zikiwa tatu tu, tairi hiyo ilitengenezwa kabla ya 2000. Za guka zilikuwa tatu. Meno yalikuwa marefu kama ya mamba, na kuna mtu alinifuata akitaka kuzinunua: “Madam, hizi bado ziko na meno.” Nikamwambia hata mamba aliyekufa ana meno. Mpira huzeeka ukiwa umelala. Nilizikata kwa kisu kabla hazijapata miguu zikaenda kwenye probox ya mtu.

Injini ndiyo ilikuwa rahisi, na hapa ndipo nawakatalia wale wanaosema kazi hii si ya mtu mgeni. Kitu pekee kinachotakiwa ni kutokuwa na haraka. Kila mtu aliyepita kibandani alitaka tulete betri tuwashe tuone. Hapana. Injini iliyokaa miaka ishirini ukiizungusha kwa stata bila oili ndani ya silinda, unakwaruza kile ulichokuja kuokoa. Tulitoa plagi, tukamwaga oili kidogo kila silinda, tukaenda zetu siku mbili. Tuliporudi tukaizungusha kwa mkono, spana kwenye puli ya krenki, polepole, robo kwa robo, mpaka ikakubali mzunguko mzima. Tangi tulilishusha kabisa, maana petroli iliyokaa hivyo hugeuka gundi. Tukaanzia na petroli safi kwenye jerikeni ndogo, kabureta ikiwa imefunguliwa na kuoshwa. Waya tulifuata mmoja mmoja kwa tochi kwa sababu panya wa Nyahururu hawali mahindi peke yake.

Nasema “tu” kwa sababu kulikuwa na mzee. Ni fundi aliyeshughulika na Peugeot maisha yake yote, sasa amestaafu, anafuga sungura. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba bloku ya hii injini ni chuma lakini silivu zake zinatoka, unabadilisha silivu na pistoni bila kutupa injini. Ndiye aliyenikataza kutia maji ya bomba kwenye redieta kwa sababu hedi ni ya aluminiamu na maji matupu yanaitoboa. Na nilipomwambia nimesikia eti magari haya hayawezi petroli ya siku hizi isiyo na madini ya risasi, akanifungulia hedi nyingine iliyokuwa nyumbani kwake, akanigusisha kidole kwenye viti vya valvu. “Hii ni chuma kigumu, imepachikwa. Aluminiamu haiwezi kukalia valvu. Waambie waache kukutisha.”

Vitabu vya 504 viko kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Alichonacho huyu mzee hakiko popote. Yuko na miaka sabini na kitu, na wanaokwenda kwake wanakwenda kununua sungura. Kwa hivyo ukiambiwa umwachie fundi gari halafu ulifuate jioni, kataa. Mlipe pesa yake yote, usiombe bei ya undugu, lakini kaa hapo, shika tochi, uliza, andika kwenye daftari. Pia ujue kumtofautisha na yule mwingine wa “hiyo itashika tu,” ambaye nina hakika ndiye mwandishi wa ajali nyingi tunazosoma.

Kuhusu kuboresha, nina orodha fupi na siiongezi. Mfumo wa moto wa elektroniki badala ya pointi, kwa sababu pointi huchakaa na asubuhi za Nyahururu ni baridi. Rilei za taa za mbele, ili umeme usipite wote kwenye swichi ya zamani na usiku uone ng'ombe kabla yeye hajakuona. Mikanda ya kuvuka kifuani nyuma, maana mpwa wangu atakaa huko. Tairi mpya za saizi ileile. Imeisha. Mwenye kuweka injini kubwa anasahau kwamba breki za 1978 zilipimiwa nguvu za 1978, na kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye logbook.

Logbook! Hilo ndilo limeozesha magari mengi kuliko kutu. Gari lina jina la marehemu, na huwezi kulihamisha mpaka korti ithibitishe mirathi. Familia zinaogopa kukaa meza moja, basi gari linakaa kibandani badala yao. Sisi tulikaa. Ilichukua miezi mingi kuliko injini, na kelele nyingi zaidi. Lakini msimamo wangu haujabadilika: usinunue hata gasketi kabla karatasi hazijaanza kusonga, la sivyo unamtengenezea binamu yako.

Kuna watakaosema injini ya kabureta inachafua hewa na inakunywa. Ni kweli, zote mbili. Siendi nayo kazini, matatu ya Rongai zipo. Na yule aliyechukua mkopo wa miaka minne anunue gari ambalo hawezi kufungua hata boneti bila kompyuta, simtukani, lakini asiniite mimi mjinga wa pesa.

Kwa sasa gari linawaka na linasimama. Mlango wa kushoto bado ni kahawia kwa kutu, na hakuna picha yake popote mtandaoni. Kama kwenu kuna lingine, 504 au Datsun au Beetle ya shosho, nenda na tochi leo jioni, futa vumbi ubavuni mwa tairi, uhesabu tarakimu. Zikiwa tatu, unajua pa kuanzia.