Duka la Mtandaoni, Malipo kwa Skrinishoti? Vijana, Tuache Huu Uzembe

Kijana mwenzangu, hebu tuambiane ukweli. Ukurasa wako ni mzuri, abaya zimepangwa kwa rangi, udi umepigwa picha hadi mtu anakaribia kuunusa. Umemlipa fundi akakutengenezea hadi tovuti. Kisha mteja akifika pa kulipa anakuta nini? "Tuma kwa namba hii, halafu nitumie skrinishoti WhatsApp." Hilo si duka. Hiyo ni meza ya kando ya barabara iliyofungwa taa.

Skrinishoti si pesa. Ujumbe wa M-Pesa mtu anautunga kwa simu yake dakika mbili. Na hata ule wa kweli, akishaupata mzigo anaupeleka 456 akidai alikosea namba, na wewe uliyeshamkabidhi mtu wa boda parseli unabaki kuzozana na huduma kwa wateja. Laini yako ya kibinafsi pia ina dari: shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, na salio lisizidi 500,000. Humo humo mna pesa ya chama, ya kodi ya nyumba, ya mama, na Fuliza imekaa mlangoni inasubiri kukata chake kwanza. Mwisho wa mwezi ukiulizwa faida ni ngapi unakuna kichwa. Utajuaje?

Najua majibu yenu. Ati biashara bado ndogo. Basi anza na Pochi la Biashara au tili, angalau pesa ya duka itengane na ya mfukoni. Ati KRA watatufuata. Kodi ya mauzo ni asilimia 3 na inaanzia mauzo yanayozidi shilingi milioni 1 kwa mwaka. Wengi wenu mnakimbia simba ambaye hajawaona. Na anayesema mifumo hii yote ni riba, namuuliza: kupokea bei ya kanzu uliyoiuza ni riba kivipi? Riba itakuja pale utakapopigiwa simu ya mkopo wa biashara kwa sababu tili yako imechangamka. Hiyo simu una uhuru wa kuikata.

Lango la malipo lenyewe si uchawi. Mteja anabonyeza "lipa", tovuti yako inapeleka ombi Safaricom, kwenye simu yake kinatokea kisanduku chenye jina la duka na kiasi, anaweka PIN. Safaricom inarudisha jibu kwenye seva yako moja kwa moja. Likija 0, pesa imeingia. Likija 1032, mteja ameghairi mwenyewe. 1037, simu haikupatikana au mwenyewe hakujibu. Hakuna cha "dada umeiona?" saa sita za usiku.

Mfumo huo unaitwa Daraja, upo tangu 2017, na uwanja wake wa majaribio ni bure. Unajisajili, unapewa funguo mbili, unajaribu kwa namba ya majaribio 174379 kabla hujawa na Paybill wala tili. Kijana wa Kisauni au Eastleigh mwenye kompyuta ya mkono na bando anaweza kuanza leo. Kuingia hewani ndipo wanapotaka Paybill au tili yako halisi, yaani kitambulisho, PIN ya KRA na cheti cha jina la biashara kutoka eCitizen. Huwezi kuandika msimbo? Pesapal ya hapa Kenya na Paystack iliyoanzia Nigeria wana plagini za WooCommerce, unapata kadi na M-Pesa kwa mlango mmoja. Lakini soma mambo mawili kabla ya kukubali: wanakata kiasi gani, na pesa inakaa kwao siku ngapi kabla ya kufika benki yako. Wengi husoma la kwanza tu, halafu wanalia wiki ya Idd wakiwa hawana pesa ya kuagiza mzigo mwingine.

Sasa nije kwa mafundi wetu, maana hapa ndipo damu inapomwagika. Fundi anasajili akaunti kwa barua pepe yake na namba yake, anakuachia tovuti inang'aa. Mkigombana, au akipata kazi Nairobi akaacha kushika simu, duka ni lako lakini kufuli ni lake. Akaunti iwe kwa jina la biashara na barua pepe ya biashara, toka siku ya kwanza. Funguo za siri zikae kwenye seva. Akiziweka ndani ya ukurasa au kuziacha wazi GitHub, mfukuze. Muulize pia swali hili: oda inahesabiwa imelipwa lini? Akikwambia ni pale mteja anaporudishwa kwenye ukurasa wa "asante", jua mtu yeyote anayeijua anwani ya ukurasa huo atabeba abaya zako bure. Oda ilipwe pale tu jibu lilipofika seva, kiasi kikalingana na bei, na namba ya risiti ya M-Pesa ikawa haijatumika kwa oda nyingine. Na namba za kadi za watu usizihifadhi kabisa. Hiyo ni kazi ya kampuni ya malipo, si yako.

Kuna wale wanaotaka wateja wa ng'ambo. Stripe haifungui akaunti kwa biashara ya Kenya, kwa hiyo mtu anaazima jina na anwani ya binamu aliye Minneapolis. Usifanye hivyo. Siku kampuni itakapoomba hati, jina la kwenye akaunti na jina la anayeuza hayatalingana, pesa itagandishwa, na hutakuwa na mahali pa kulalamikia kwa sababu kisheria wewe humo hata haumo.

Na tusifanye kana kwamba mlango huu uko wazi sawa kwa wote. Kijana wa Mandera au Garissa aliyezungushwa miaka kwenye msasa wa kitambulisho, msasa ambao serikali ilitangaza kuuondoa Februari 2025, alikosa laini, alikosa PIN, alikosa tili. Wengine wana hati zote lakini majina yao, Mohamed, Abdi, Hussein, yanafanana na jina fulani kwenye orodha za vikwazo za Marekani, na mashine inawasimamisha. Ombi "linachunguzwa". Wiki ya tatu, kimya.

Hapo usinyamaze. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inakupa haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo linalokugusa sana. Andika, usipige simu tu: omba sababu kwa maandishi, omba binadamu alitazame ombi lako, ambatanisha kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa, maana mara nyingi hizo ndizo zinazokutofautisha na yule wa kwenye orodha. Wakikupuuza, malalamiko yanapelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Mwaka 2015, baada ya shambulizi la Garissa, serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za hawala na kugandisha akaunti za MUHURI na Haki Africa. Mashirika hayo mawili yalikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa, na Novemba mwaka huo huo mahakama ikaamuru akaunti zifunguliwe.

Kwa hiyo weka kila barua pepe, kila namba ya ombi, kila tarehe. Anza maombi miezi miwili kabla ya msimu, si wiki ya mwisho ya Ramadhani. Na siku lango likiwaka, kabla hujatangaza popote, nunua kitu dukani kwako kwa shilingi 10, kisha nunua tena na ughairi kusudi, uone oda zote mbili zinaandikwa nini.